Ushuru wa Barabara kwa Mawimbi ya Redio: Chombo Husoma, Kanuni Ndiyo Hutoza

Mvuvi wa kisiwa cha Bumbire, katika Wilaya ya Muleba, hulipa ushuru wa barabara kila anapojaza petroli katika injini ya mtumbwi wake. Hana gari wala pikipiki. Njia yake ni maji ya Ziwa Viktoria, ambayo hayana lami wala mashimo. Lakini kwa kuwa ushuru wa barabara katika nchi yetu umetiwa ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli, mvuvi huyo huchangia matengenezo ya barabara sawasawa na dereva wa teksi wa Bukoba anunuaye lita zile zile. Kwa upande wa pili, mwenye pikipiki au bajaji ya umeme hupita juu ya lami kutwa nzima bila kuchangia hata senti moja kwa njia ya mafuta, kwa sababu hanunui mafuta.

Sisemi haya ili kuilaumu sheria. Ushuru wa mafuta, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, ulichaguliwa kwa sababu nzuri. Lita ni kitu kinachohesabika, na wakati huo hapakuwa na njia ya kuhesabu kilomita za kila gari isipokuwa kwa kumweka karani barabarani na daftari. Lita ilitumika badala ya kilomita, kama vile kivuli kinavyotumika badala ya saa. Leo chombo cha kuhesabu kilomita chenyewe kimepatikana. Ni kidogo kama kiberiti, hubandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari, na husomwa kwa mawimbi ya redio gari likiwa katika mwendo.

Kwa wakazi wa Kagera jambo hili si hadithi ya ng'ambo. Barabara ya kutozwa iliyo karibu zaidi na Kitendaguro, kwetu, haiko Dar es Salaam. Iko Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, nayo ni barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuanza kutoza ushuru Januari 2022. Nairobi nako, barabara ya juu itokayo Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27 hivi, ilianza kupitisha magari Mei 2022, na madereva wake wanaweza kulipa kwa kitambulisho cha redio. Serikali yetu nayo imekwisha kutangaza nia ya kujenga barabara ya kasi ya kutozwa kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro. Ni dhahiri kwamba mwanafunzi aliyeko kidato cha pili leo atakuwa mlipaji wa ushuru wa namna hii kabla hajafikia umri wa mwalimu wake.

Katika makala haya nataka kutetea wazo moja. Mitambo hii inaweza kutoza kwa haki zaidi kuliko lita ya mafuta, lakini haki hiyo haimo ndani ya mitambo. Imo katika kanuni ambayo binadamu huiandika na mitambo huitii. Na raia asiyejua mitambo inasoma nini hawezi kuihukumu kanuni hiyo. Kwa hiyo elimu ya jambo hili ni haki ya kila mwananchi, na mahali pake pa kwanza ni darasa la fizikia la shule ya sekondari.

Yanayompasa dereva

Tuanze na dereva, kwa maana ndiye atakayekutana na chombo hiki kwanza. Kazi yake ni hatua nne.

Kwanza hujiandikisha. Hutaja namba ya gari lake na aina yake, kama ni gari dogo, basi au lori, kisha hupewa kitambulisho chenye namba yake ya pekee. Aina ya gari ina uzito mkubwa kuliko madereva wengi wanavyodhani, kwa sababu ndiyo iamuayo kiwango cha ushuru. Pili, huweka fedha katika akaunti, kwa simu au benki, kama tunavyoweka salio la simu. Tatu, hubandika kitambulisho kwenye kioo cha mbele, kwa kawaida karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Baadhi ya magari yana vioo vilivyopakwa utando mwembamba wa madini ili kuzuia joto la jua, na utando huo huzuia pia mawimbi ya redio. Watengenezaji wa magari hayo huacha sehemu ndogo isiyopakwa, na hapo ndipo pa kubandika. Nne, hupita. Katika barabara inayotoza kwa umbali, mashine ya mlangoni huandika mahali na saa alipoingia. Mashine ya pale anapotoka husoma namba ile ile, kompyuta hutafuta umbali kati ya milango hiyo miwili, na ushuru hukatwa katika akaunti.

Mara nyingi dereva hupunguza mwendo na kizuizi hufunguka mbele yake. Lakini kuna mifumo isiyo na kizuizi kabisa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu mjini Trondheim, Norwe, magari yalipita chini ya milingoti kwa mwendo wa kawaida wa mjini, na hati ya madai ilimfikia mwenye gari baadaye. Norwe ni miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kutumia ushuru wa redio, tangu kituo cha Ålesund mwaka 1987. Italia ilifuata. Singapore ilianza mwaka 1998 kutoza magari yanayoingia katikati ya mji kwa kiwango kinachobadilika kulingana na saa. Dubai, ambako Waswahili wengi wanaishi na kufanya kazi, ilianza mwaka 2007.

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza kama hili si jambo lile lile la kadi ya N-Card inayotumika kwenye kivuko cha Magogoni na Kigamboni. Ni ndugu, lakini si pacha. Kadi ya kugusisha hufanya kazi kwa umbali wa sentimita chache tu, na hilo ni kwa makusudi, ili isisomwe bila mwenyewe kuitoa. Kitambulisho cha barabarani hakina budi kusomwa kutoka mita kadhaa. Tofauti hiyo inatokana na fizikia, nasi tuitazame.

Jinsi kitambulisho kinavyojibu

Mwalimu atakumbuka mlinganyo ambao kila mwanafunzi wa mawimbi huukariri: kasi ya wimbi ni sawa na masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, mara urefu wa wimbi. Kasi ya mawimbi ya redio ni ile ya nuru, mita 300,000,000 kwa sekunde. Kadi za kugusisha hutumia megahezi 13.56. Ukigawanya, utapata wimbi lenye urefu wa mita 22 hivi, ambalo ni refu mno kulinganisha na kadi. Kwa hiyo kadi haitumii wimbi linalosafiri. Hutumia uga wa sumaku ulio karibu na koili ya mashine, kama vile koili mbili za transfoma zinavyopokezana umeme. Uga huo hufifia upesi sana unapokwenda mbali, ndiyo sababu hatuna budi kugusisha.

Vitambulisho vya barabarani hutumia masafa makubwa zaidi. Aina moja hutumia masafa ya karibu megahezi 900, na wimbi lake lina urefu wa sentimita 33 hivi. Aina hii ndiyo itumikayo India, ambako kitambulisho kilifanywa kuwa cha lazima katika vituo vya barabara kuu mwaka 2021. Aina nyingine hutumia gigahezi 5.8, yenye wimbi la sentimita 5 hivi, nayo imeenea Ulaya, Japani na China. Mawimbi mafupi kama haya yanaweza kuelekezwa kwa antena ndogo, kama mwanga wa kurunzi, yakamulika njia moja tu ya magari bila kumsoma dereva wa njia ya jirani.

Sasa tufike kwenye jambo la kupendeza zaidi. Kitambulisho cha megahezi 900 aghalabu hakina betri. Basi kinasemaje? Mfikirie mtoto wa Kitendaguro aliyesimama juani akiwa na kipande cha kioo, na mwenzake yuko ng'ambo ya bonde. Mtoto hana taa. Lakini akikigeuza kioo kidogo, miali ya jua humfikia mwenzake, na akikigeuza tena, miali hupotea. Kwa kukubaliana juu ya mpango wa mimweko, wanaweza kupelekeana herufi na namba. Nuru ni ya jua, ujumbe ni wa mtoto.

Kitambulisho hufanya vivyo hivyo. Antena ya barabarani hutuma wimbi mfululizo. Sehemu ndogo ya nishati ya wimbi hilo huamsha saketi iliyomo ndani ya kitambulisho. Kisha saketi hiyo huibadilisha hali ya antena yake ndogo, mara irudishe wimbi kwa nguvu, mara ilirudishe kwa udhaifu. Nguvu ni moja, udhaifu ni sifuri. Kwa mfululizo wa moja na sifuri namba ya kitambulisho husomwa. Nadharia ya mawasiliano kwa nguvu iliyoakisiwa ilielezwa na mhandisi Harry Stockman mwaka 1948. Ilibidi kungoja miongo mingi hadi saketi zilipokuwa ndogo na rahisi kiasi cha kubandikwa kwenye kioo cha gari la mtu wa kawaida.

Iwapo kitambulisho kingetaja namba yake tu, mwizi mwenye mashine angeweza kuisikiliza na kuitengenezea nakala. Kwa hiyo mifumo iliyo bora hutumia swali na jibu. Antena hutaja namba ya kubahatisha, tofauti kila mara. Kitambulisho huikokotoa namba hiyo pamoja na siri iliyohifadhiwa ndani yake, kisha hutoa jibu. Aliyesikia jibu la jana halimfai leo, kwa sababu swali la leo ni jingine.

Hesabu ya kufumba na kufumbua

Watu hustaajabu kwamba gari linaweza kusomwa likienda kasi. Hesabu ndogo huondoa mshangao. Chukulia gari liendalo kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, na chukulia kwamba eneo linalomulikwa na antena lina urefu wa mita 8. Gari litakuwa ndani ya eneo hilo kwa sekunde 0.4. Chukulia pia kwamba kitambulisho hutuma biti 250,000 kwa sekunde, na kwamba ujumbe wote una biti 1,000. Ujumbe huo utachukua sekunde 0.004. Kwa muda huo gari litakuwa limesogea sentimita 8 tu. Maana yake ni kwamba mashine ina nafasi ya kuuliza na kurudia mara nyingi kabla gari halijatoka katika eneo lake. Kwa mawimbi ya redio, lori liendalo mbio ni kama kobe.

Hata hivyo hakuna chombo kisichokosea, na kwa hiyo kituo huwa na macho ya ziada. Chini ya lami huzikwa kitanzi cha waya chenye mkondo wa umeme unaogeuka-geuka. Chuma cha gari kikipita juu yake hubadilisha hali ya kitanzi, na mashine hujua kwamba gari limepita. Hii ni kanuni ya mwingizo ambayo Faraday aliigundua mwaka 1831 na ambayo imo katika silabasi yetu. Miali ya mwanga huhesabu ekseli na kupima kimo cha gari. Kamera hupiga picha ya kibao cha namba, na kompyuta huisoma. Iwapo kitanzi kimesema gari limepita na antena haikusikia jibu, picha ndiyo itakayomtafuta mwenye gari. Jiji la London lilitegemea kamera peke yake lilipoanza kutoza magari yaingiayo katikati ya mji mwaka 2003.

Hapa dereva anapaswa kuwa macho. Tope la masika linaweza kugeuza 8 kuwa 3 machoni pa kamera. Gari lililouzwa bila kubadilisha jina linaweza kumletea madai mwenye zamani. Kitambulisho cha gari dogo kilichohamishiwa kwenye lori kitasoma namba ya kweli na kutoa ushuru wa uongo. Hakuna makosa ya fizikia hapo. Ni makosa ya kumbukumbu, na hurekebishwa kwa kuwapo ofisi ambayo mtu anaweza kwenda kulalamika na kujibiwa na mtu.

Uzito na uharibifu

Tumekwisha kuona kwamba mitambo inaweza kujua ni gari gani, limetoka wapi na limefika wapi. Swali linalofuata ni la uadilifu: tutoze kwa kipimo gani?

Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakaendesha malori juu yake usiku na mchana ili kuona yanavyoziharibu. Kutokana na majaribio hayo ilipatikana kanuni ambayo wajenzi wa barabara huitumia hadi leo kama makisio: uharibifu wa barabara huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha nne cha uzito ulio juu ya ekseli. Kipeo hicho si kamili kwa kila aina ya barabara, lakini funzo lake halibadiliki.

Linganisha ekseli ya gari dogo yenye uzito wa nusu tani na ekseli ya lori yenye uzito wa tani 10. Uzito umezidi mara 20. Uharibifu, kwa kanuni hiyo, umezidi mara 20 × 20 × 20 × 20, yaani mara 160,000. Lakini lori hilo halitumii mafuta mara 160,000 ya gari dogo. Hutumia labda mara tano au sita. Ushuru wa lita, kwa hiyo, humlipisha mwenye gari dogo na mwenye pikipiki sehemu kubwa ya uharibifu ambao hakuufanya.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwa nini kuna mizani pale Kyamyorwa, wilayani Muleba, na kwa nini hatupaswi kuiona kama usumbufu kwa wasafirishaji. Ekseli iliyopaswa kubeba tani 10 ikabebeshwa 12 imezidishiwa sehemu moja ya tano tu ya uzito, lakini uharibifu wake ni mara mbili. Kinyume chake, tani zile 10 zikigawanywa juu ya ekseli mbili, kila moja tani 5, uharibifu hupungua hadi sehemu moja ya nane. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuhakikisha hesabu hizi katika dakika tano. Nathubutu kusema kwamba dakika tano hizo zitamfundisha juu ya bajeti ya barabara kuliko hotuba nyingi.

Mizani ya siku hizi inaweza kupima ekseli bila lori kusimama. Ukiiunganisha na kitambulisho cha redio, unapata jambo ambalo halikuwezekana kamwe kwa ushuru wa lita, yaani kumtoza kila mmoja kwa kilomita alizopita na kwa uzito aliobeba. Ujerumani imekuwa ikitoza malori kwa umbali tangu Januari 2005, kwa kutumia chombo cha ndani ya lori kinachokadiria mahali lilipo kwa mawimbi ya setilaiti. Mvuvi wa Bumbire angeweza kuachiliwa, na mwenye gari la umeme angeweza kulipa sehemu yake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Lori halibebi mzigo wake kwa anasa. Hubeba chumvi, saruji na bati za mwananchi, na ushuru wa lori utarudi dukani katika bei. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu. Lakini shimo nalo hurudi dukani katika bei, kwa sura ya springi zilizovunjika, matairi yaliyopasuka na siku zilizopotea. Ushuru unaofuata uzito humpa mwenye lori sababu ya kununua gari lenye ekseli nyingi zaidi na kutozidisha mzigo. Ushuru wa lita haumpi sababu hiyo.

Mitambo ilifanya kazi, kanuni ikakataliwa

Iwapo kuna mtu anayedhani kwamba kununua mitambo ni kumaliza kazi, na aitazame Afrika Kusini. Mwezi Desemba 2013, katika jimbo la Gauteng, ushuru wa redio ulianza katika barabara kuu zizungukazo Johannesburg na Pretoria. Milingoti ilisimamishwa, antena zikasoma, kamera zikapiga picha. Kiufundi mfumo ulikuwa wa kisasa. Lakini madereva wengi walikataa kulipa. Walisema kwamba barabara hizo walikuwa wakizitumia tangu zamani, kwamba hawakushauriwa vya kutosha, na kwamba hawakuwa na njia nyingine ya kwenda kazini. Madeni yakarundikana mwaka hadi mwaka, na mwezi Aprili 2024 mfumo ulisimamishwa. Fizikia haikushindwa hata siku moja. Kilichokosekana ni ridhaa.

Huko Nairobi, barabara ya zamani ya chini haikufungwa. Asiyetaka kulipa au asiyeweza hupita chini, tena bure. Hilo naliona kuwa sharti la kwanza la haki: ushuru uwe bei ya huduma bora, usiwe kizuizi cha njia pekee. Sharti la pili ni kwamba kiwango na hesabu yake vitangazwe kwa lugha inayosomeka, ili dereva aweze kuikokotoa mwenyewe safari yake kabla hajaondoka nyumbani. Sharti la tatu ni kwamba asiye na simu wala benki asifungiwe nje. Pawe na njia ya fedha taslimu au kadi inunuliwayo dukani.

Hapana shaka kwamba Watanzania hawakatai kulipia kinachoonekana. Wakati Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilipofunguliwa Aprili 2016 na magari kuanza kutozwa, watu walilipa. Walinung'unika juu ya kiwango, na baadaye kiwango kilipunguzwa, lakini walilipa, kwa sababu kila mmoja aliliona daraja. Wala wana-Kagera, ambao mwaka 1978 walishuhudia daraja la Kyaka likivunjwa na majeshi ya Idi Amin, hawahitaji kufundishwa thamani ya daraja. Wanachotaka kujua ni kwamba fedha iliyokatwa inarudi barabarani.

Daftari la safari

Liko jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Lita ya mafuta haikumbuki. Ukinunua lita kumi mjini Bukoba, mfuko wa barabara hupata sehemu yake bila kujua kama ulikwenda shambani, hospitalini au msibani. Kitambulisho cha redio hukumbuka. Ili kukutoza, lazima kijue kwamba ulipita mahali fulani, saa fulani. Ukiweka pamoja kumbukumbu za mwaka mzima, una daftari la maisha ya mtu: anasali wapi, anatibiwa wapi, anamtembelea nani na kwa siku zipi.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwema hana la kuficha. Sikubaliani nao. Nyumba zetu zina milango, na si kwa sababu ndani yake mna wizi. Daftari kama hilo linaweza kusaidia kumpata aliyeiba gari, na hilo ni jema. Linaweza pia kumsaidia mwenye nia mbaya aliyemhonga karani mmoja tu. Nchi yetu ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na huo ni msingi mzuri. Lakini sheria hulindwa na watu wanaojua cha kuuliza. Je, kumbukumbu za safari hufutwa baada ya muda gani? Nani anaruhusiwa kuzifungua, na kwa amri ya nani? Je, dereva anaweza kununua kitambulisho chenye salio bila kutaja jina, kama tulivyokuwa tukinunua tikiti ya basi? Kiufundi jibu la swali hili la mwisho ni ndiyo. Likikataliwa, raia ajue kwamba ni uamuzi wa watu, si lazima ya mitambo.

Kazi ya walimu

Nimewaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu naona hatari moja. Tunazoea kupokea vyombo vya kigeni kama masanduku yaliyofungwa. Sanduku likisema tulipe, tunalipa, likikosea, tunanung'unika, na likiharibika, tunamwita aliyelileta. Taifa lenye tabia hiyo linaweza kuwa na mitambo mingi na bado lisiwe na sayansi.

Darasa halihitaji fedha nyingi ili kulifungua sanduku hili. Kwa vipande viwili vya kioo na kiwanja chenye jua, wanafunzi wanaweza kutumiana namba kwa mimweko na kupima ni biti ngapi walizoweza kupeleka kwa dakika. Waangalie tu wasimulikane machoni wala wasiwamulike madereva. Kwa waya wa shaba, betri na galvanomita, wanaweza kuona jinsi badiliko la uga wa sumaku linavyozaa mkondo katika koili. Kwa saa na kamba ya kupimia, wanaweza kusimama pembeni mwa barabara mahali pa usalama, wakakadiria mwendo wa magari na kuhesabu ni muda gani antena ingekuwa nao. Mwalimu wa hisabati afundishe kipeo cha nne kwa ekseli za malori. Mwalimu wa uraia aandae mdahalo juu ya daftari la safari. Ihungo, Rugambwa na Kahororo, shule ambazo mkoa wetu unajivunia, haziko mbali na barabara iendayo Mutukula. Malori yanayopita huko yana mafunzo ya kutosha muhula mzima.

Siku itakapofika ambapo antena zitasimama juu ya barabara zetu, maswali yetu yasiishie kwenye kiasi kinachotozwa. Tuulize chombo kinasoma nini, kinahesabu kwa kanuni ipi, kinakumbuka kwa muda gani, na nani aliyeyaamua hayo. Mwanafunzi aliyejifunza kuyauliza maswali hayo manne shuleni atakuwa dereva mwadilifu na mlipaji asiyedanganyika. Nasi tutakuwa tumeanza kuitawala mitambo tunayoinunua.